Pafyumu ya matunda ni ya watu wazima pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Mimi nafanya kazi kaunta kwenye duka la dawa huku Temeke, na kuna maneno nayasikia kila kukicha, kazini, saluni, hata kwenye vikoba, kwamba mwanamke mzima akijipulizia zile pafyumu nyepesi tamu tamu za stroberi, pichi, epo au nanasi basi ananukia pipi, eti hizo ni za wanafunzi wa sekondari, mtu mzima anatakiwa anukie udi au kitu kizito ili watu wamheshimu. Hapana jamani. Hili limenikaa rohoni muda mrefu na leo nalisema.

Kwanza tuangalie tunaishi wapi. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi joto linagonga nyuzi 32 na unyevu juu yake, mtu umeoga saa kumi na moja alfajiri, ukifika kituoni umeshalowa. Sasa chukua manukato mazito kama halud (mafuta ya udi), amba na vanila, paka shingoni na kwenye mikono, panda daladala la Gongo la Mboto watu wamesimama mpaka mlangoni, madirisha nusu hayafunguki. Joto linaifumua ile harufu yote kwa mpigo, na ndani ya lile gari kuna mjamzito, kuna mwenye pumu, kuna mwenye kipandauso, na hakuna hata mmoja anayeweza kushuka. Kwenye kaunta yetu nao wanakuja watu ambao tayari ni wagonjwa, mtu kichefuchefu kimemtesa tangu asubuhi, mimi nikimwinamia kumwelekeza dozi sina haki ya kumzidishia. Ndiyo maana siku za kazi navaa harufu ya matunda. Inamsalimia mtu, halafu inampisha.

Wengi wanazilaumu kwamba hazikai, wanasema hiyo ni feki, saa moja imeisha. Wanaionea bure. Harufu za machungwa, malimau na matunda mengi zimetengenezwa na chembe nyepesi zinazoruka haraka hewani, na kwenye joto zinaruka haraka zaidi, wakati udi, miski na vanila ni nzito zinabaki kwenye ngozi. Ndivyo zilivyo hata chupa iwe orijino ya bei kubwa. Halafu kuna suala la ukali wake, iliyoandikwa eau de parfum kwa kawaida ina kama asilimia 15 hadi 20 ya manukato, eau de toilette kama 5 hadi 15, na bodi splashi iko chini ya hapo kabisa. Kwa hiyo usinunue bodi splashi ukategemea ikufikishe jioni, soma chupa.

Na hili la kusema matunda ni ya watoto sijui limetoka wapi, maana ukifuatilia historia yenyewe utashangaa. Mwaka 1709 kule Köln, Ujerumani, ndugu wa ukoo wa Farina waliotoka Italia walianzisha biashara yao, na Johann Maria Farina akatengeneza yale maji ya kolon yenye limau, chungwa na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), na wateja wake walikuwa wakubwa wa nchi, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1919 Guerlain, watengeneza pafyumu wa Paris, walitoa pafyumu ya Mitsouko, na ndani yake kuna harufu ya pichi iliyotengenezwa maabara, kwa sababu pichi lenyewe hukamui mafuta yake ukapata pafyumu kama unavyokamua ganda la chungwa, stroberi nayo ni hivyo hivyo. Mpaka leo watu wazima wanaitafuta. Halafu DKNY, kampuni ya mitindo ya Marekani, wakaleta pafyumu ya Be Delicious mwaka 2004, ile chupa yenyewe ina umbo la epo, na waliolengwa ni wanawake wa mjini wanaokwenda kazini.

Mtu asije akadhani nadharau udi. Mama yangu ni wa Unguja, nimekua nyumba ya chetezo, najua nguo iliyofukizwa inavyonukia na najua kikuba cha asumini na rehani kifuani kwa bi harusi. Lakini wazee wa pwani hao hao ndio walionifundisha kwamba harufu ina saa yake. Udi ulikuwa wa jioni, wa Ijumaa, wa mgeni, wa arusi. Sikumuona mama hata siku moja anajifukiza ili aende sokoni kununua samaki. Sasa sisi tumechukua ya arusi tukaipeleka ofisini saa mbili asubuhi kwenye chumba cha watu sita chenye kiyoyozi, halafu tunamcheka anayenukia nanasi!

Ila na sisi wa matunda tuwe na adabu yetu. Pafyumu haiondoi kikwapa, ukipuliza stroberi juu ya jasho unapata kitu kibaya kuliko jasho lenyewe, kwa hiyo oga kwanza, jikaushe, paka losheni isiyo na harufu maana ngozi yenye mafuta inashika harufu muda mrefu, ndipo ujipulizie mara mbili tatu basi. Zile zenye mafuta halisi ya ganda la bergamoti au ndimu usipake ngozini ukatembea juani, zinaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi, weka kwenye nguo. Chupa usiiache kwenye gari wala dirishani, jua linaiharibu. Ukitaka kurudia mchana nenda pembeni huko, usipulizie kwenye meza wenzako wanakula.

Hela nayo isiwe kisingizio. Wale wa pafyumu za kupima Kariakoo wanazo za epo, za pichi, za embe, unanusa, unapimiwa kichupa kidogo kinachoingia kwenye pochi, ukikipenda unarudi. Nusa kwenye mkono wako mwenyewe, zunguka sokoni kidogo ndipo uamue, maana utamu wa mwanzo ukiruka unabaki na kitu kingine kabisa.

Ombi langu kwako Mhariri, ukurasa wenu wa urembo kila mara unaandika manukato ya arusi na ya usiku. Tuandikieni na ya Jumatatu asubuhi, ya mwalimu, ya nesi, ya dada wa benki na ya mama ntilie. Mtumeni mwandishi kwa hao wapimaji wa Kariakoo, wanajua mengi kuliko mimi.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam