Wazee nasi tuna maswali

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa hapa Mwanza anayesema madarasa ya dini kwa watu wazima ni kumaliza mafuta ya jenereta bure. Kwa maelezo yake, mtu akishapata kipaimara na kufunga ndoa, kilichobaki ni kusali na kutoa sadaka. Sina ugomvi naye. Ila hoja hiyohiyo ndiyo iliyofunga darasa letu la jioni huku tunakosali, na chumba chenyewe sasa kinatunzia viti vya plastiki. Naomba nimjibu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa ngumbaru. Nilimaliza darasa la saba, nikakabidhiwa boksi la chaki na wanafunzi wenye umri wa mama yangu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na huku Kanda ya Ziwa mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwepo tangu 1968. Vitabu tulivyofundishia vilihusu pamba na uvuvi. Nilichojifunza mapema ni kwamba mtu mzima ukimwambia "rudia baada yangu" ananyamaza, au anasinzia, au kesho haji. Muulize pamba yake ilipimwaje kwenye mizani ya chama cha ushirika, hapo utatafuta namna ya kumnyamazisha. Herufi zinaingia katikati ya mabishano hayo.

Sasa ninachotaka kusema nilikiona Uganda. Binti yangu ameolewa Mbale, na nikienda kumwona huwa nakaa muda. Majirani zake wamo Abayudaya, yaani watu wa mashariki ya Uganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Habari yao ni ndefu, nitaikata. Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitawala sehemu ile kisha wakakosana, alijisomea Agano la Kale mpaka akaamua kulifuata lilivyo, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka uliofuata alifika Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao kama miezi sita akiwafundisha sikukuu na kalenda. Kakungulu akafa 1928. Idi Amin aliposhika nchi aliwapiga marufuku, wengi wakahamia dini nyingine, waliobaki wakawa wanasoma na kusali kwa kujificha. Mwenzao Gershom Sizomu alikwenda kusomea urabi Los Angeles na akawekwa wakfu 2008. Kwa kifupi, ni jumuiya iliyoanzia kwenye kusoma kwa watu wazima. Waanzilishi wake hawakuzaliwa katika dini hiyo wala hawakuletewa misheni.

Jumamosi moja, baada ya sala, jirani alinikaribisha nikae kwenye darasa lao. Nilitoa kalamu na daftari langu la mazoea, nikaombwa kwa upole nirudishe mfukoni, maana siku ya Sabato sheria yao hairuhusu kuandika. Kwa hiyo hakuna anayenakili ubaoni akajidanganya kwamba ameelewa. Lazima usikilize na useme. (Ningekuwa na sheria hiyo enzi zangu, ningeokoa chaki nyingi.)

Somo la juma lile lilikuwa Hesabu 27, habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa, wakuu na mkutano wote wakauliza: kwa nini jina la baba yetu lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana? Tupeni urithi. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wamenena haki.

Habari hiyo nilikuwa naijua. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akiiuliza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka kujua: kama Mungu alikuwa anajua ni haki, mbona hakuiweka kwenye sheria tangu mwanzo, mpaka wasichana waje kudai? Mzee akamjibu kwamba labda sheria nyingine husubiri muulizaji. Mwingine akamkatalia, akafungua sura ya 36, ambako wanaume wa ukoo wanakuja kulalamika kwamba mabinti hao wakiolewa kabila jingine ardhi itaondoka nao, na mabinti wanaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. "Umepewa, halafu umefungwa kamba," alisema yule mama. Wakacheka, wakaendelea kubishana. Mwalimu kazi yake ilikuwa kuuliza "imeandikwa wapi?"

Na mimi nikajikuta nimenyoosha mkono. Binti yangu akanitafsiria nilipowaeleza kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu hapa Mwanza iliamua kesi ya ardhi ya ukoo kutoka Uhayani, ikasema mwanamke anaweza kuiuza kwa haki zilezile alizo nazo mwanaume. Walinichimba kwa maswali mpaka koo likakauka. Nani alipinga? Ukoo ulifanyaje? Kwenu Wasukuma je? Hilo la mwisho sikulijibu vizuri, kwa sababu kwetu Usukumani ninazijua familia ambazo hadi leo kaka anauza shamba na dada anapewa kitenge.

Mhariri, hapo ndipo napomjibu msomaji wako. Anasema watu wazima hawahudhurii. Ni kweli hawahudhurii. Kwetu mafundisho ni mtu mmoja na kipaza sauti, sisi wengine ni masikio. Wayahudi wana desturi ya kusoma wawili wawili, kitabu kimoja katikati, kila mmoja akimkosoa mwenzake. Hata ukurasa wa Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha sheria, umechapwa kama watu walioketi wanabishana: maneno ya zamani katikati, na pembeni maelezo ya waliokuja baadaye, kama Rashi wa kule Ufaransa aliyefariki 1105, na waliompinga wapo upande wa pili. Wapo wanaosoma karatasi moja kila siku, pande zake mbili. Mpango huo ulianza 1923, karatasi ni 2,711, inachukua miaka saba na nusu kumaliza, na wakimaliza wanaanza tena. Torati nayo hugawanywa mafungu 54 ya mwaka. Siku wanayosoma la mwisho ndiyo siku wanayosoma la kwanza. Cheti hakuna.

Tena wanasimulia juu ya Rabi Akiva, mmoja wa walimu wao wakubwa wa kale, kwamba alifika miaka arobaini hajui herufi. Akaenda na mwanawe kwa mwalimu wa watoto, baba ameshika ncha moja ya ubao na mtoto ncha nyingine. Wanafunzi wangu wa ngumbaru wangempokea bila kumshangaa.

Sisemi tuache dini zetu. Wala sisemi hapa hakuna kitu: jirani zangu Wasabato wana lesoni yao ya kila juma na wanaijadili kwa vikundi, Waislamu wana darsa baada ya magharibi, na sisi tuna jumuiya ndogondogo, ingawa ya kwetu muda mwingi huishia kwenye michango ya harusi na misiba. Nasema darasa la watu wazima lirudi, na lirudi na maswali. Katekista mmoja anatosha, hahitaji kujua kila kitu. Watu wawili kwa Biblia moja. Kila kikao kiwe na jambo moja linalotuhusu, na urithi wa mabinti ningeuweka wa kwanza, akina mama wakiwepo.

Kuhusu muda, kosa la darasa lililokufa lilikuwa kupangwa kwa kalenda ya ofisi. Huku Igombe wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa wakati huo. Akina mama wanaoanika nao hupumua siku hizohizo. Kalenda ya Kiyahudi pia hufuata mwezi, na Pasaka yao huangukia mwezi mpevu, kwa hiyo hatutakuwa wa kwanza kupanga mambo ya dini hivyo. Tukutane jioni tatu au nne kila mwezi ukipevuka, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Jenereta halitahitajika sana. Viti vya plastiki tayari vimo chumbani, tunachoomba kwa kamati ni ufunguo.

Mwalimu mstaafu wa kisomo,
Igombe, Ilemela, Mwanza