Kabla ya 21, mtuonyeshe 18

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bado nashika chaki, na barua ile hukuichapisha, kwa hiyo nikanyamaza miaka yote hii. Leo nimeshindwa. Utakumbuka ripoti mliyoitoa kuhusu sera iliyozinduliwa Julai 30, 2025, inayopendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa pombe Kenya upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala haujaisha mpaka sasa. Katika kurasa zako msomaji mmoja ameishangilia sera hiyo, na mwingine amejibu kwamba afadhali umri ushushwe hadi 16 ili vijana wafundishwe kunywa kwa kiasi wakiwa mbele ya wazazi wao. Bila kumvunjia yeyote heshima, hawa wawili wanagombania nambari ambayo huku kwetu Kilifi haijawahi kumzuia mtoto hata mmoja.

Nina haki ya kusema hivyo. Muhula uliopita, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, nilisimama kwenye kibanda cha kununua muda wa maongezi kilichopakana na duka la pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, lakini duka hilo lilikuwa wazi na redio inalia. Akaja kijana wa miaka kumi na mitano hivi, sweta la shule amelivaa nje ndani ili nembo isionekane. Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, palikuwa na tangazo la herufi nyekundu kwamba hapauzwi pombe kwa aliye chini ya miaka 18. Muuzaji hakumuuliza neno. Alipokea sarafu, akammiminia makali katika chupa ya soda ya plastiki, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, akampa. Kijana alipogeuka na kuniona, akaniamkia kwa adabu kamili: “Shikamoo, mwalimu.” Nilipomuuliza muuzaji kitambulisho cha mteja wake kiko wapi, aliniuliza changu kiko wapi, na kwa aibu yangu nilikuwa nimekiacha nyumbani, wateja wakacheka, na kijana akaondoka na chupa yake kwapani akielekea shuleni, ambako si zaidi ya hatua mia moja, ilhali sheria hiyohiyo inataka mita 300. Nilikwenda kuripoti. Afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia nirudi na ushahidi. Sijui alitaka nilete chupa au nimlete kijana.

Umri ukipandishwa, basi, kitakachobadilika dukani pale ni tarakimu mbili kwenye tangazo, kazi ya brashi na rangi ya shilingi mia.

Na hapo sijagusa disko matanga, ambazo zimepigwa marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Msiba ukitokea, muziki unapigwa hadi alfajiri kwa kisingizio cha kuchangisha pesa za mazishi, mnazi unaletwa kwa madumu, na watoto wa darasa la saba wanachota kwa vikombe vilevile wanavyochotea wajomba zao. Mle hamna leseni, hamna tangazo, wala hamna wa kuulizwa umri. Marehemu mwenyewe hajazikwa.

Wanaotaka 21 hupenda kututajia Marekani. Nami naitaja. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya umri huo mwaka 1984 halikuishia kutangaza nambari. Liliziambia serikali za majimbo kwamba jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya fedha za barabara, sehemu iliyofika asilimia 10. Majimbo yalinung’unika, Dakota Kusini likaenda mahakamani, lakini kufikia 1988 yote yalikuwa yamekubali. Maadili yao hayakuwa bora kuliko yetu. Waliguswa mfukoni.

Basi tuige hilo nalo. Umri ubaki 18, usipande wala usishuke. Kila duka litakalokutwa likimuuzia mwanafunzi, wajumbe wa kamati ya kaunti ndogo waliolipatia leseni, pamoja na naibu wa chifu wa eneo hilo, wakatwe asilimia 10 ya marupurupu ya mwezi huo, na majina yao yabandikwe kando ya lile tangazo jekundu, kwa herufi za ukubwa uleule. Makato yaanze Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu huo ndio mwezi ambao wenye maduka hawahangaiki hata kuangalia kama sweta limegeuzwa.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kilifi