Barua kwa mwanangu: ule mstari wa chini

Mwanangu,

Ile karatasi uliyoichomeka kwenye daftari nimeiona. Sikuwa napekua, naapa. Daftari lilianguka, karatasi ikachomoka: duara, mistari ndani yake, na pembeni mwandiko wako, "mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, upande wa ndani". Basi siri ya tatuu imetoka, na mimi sitajifanya kipofu.

Nilikasirika kwa dakika kumi hivi. Umri wako unaniambia mkono ni wako, lakini nani aliuosha ukiwa mdogo? Kisha nikavaa miwani, nikaitazama tena ile karatasi, hasira ikageuka kicheko. Mwanangu, ulichochora si alama ya amani. Ni nembo ya Mercedes. Umeshusha mstari mmoja kutoka juu hadi katikati, ukatoa miwili ya mshazari, ukaishia hapo. Umesahau ule unaoendelea kushuka wima hadi kugusa duara. Hukosei peke yako, nimeuona upungufu huo hata kwenye kuta. Ila ukuta hupakwa rangi upya.

Mstari huo si pambo. Alama hii aliibuni Mwingereza Gerald Holtom mwaka 1958, kwa ajili ya maandamano ya Pasaka kutoka London hadi Aldermaston, kwenye kituo cha utafiti wa silaha za nyuklia. Watu walitembea siku nne, zaidi ya kilomita 80. Holtom alichukua lugha ya bendera mbili wanayotumia mabaharia kuzungumza kwa mbali. Herufi N unaipata ukishusha mikono yote miwili kwa mshazari, mmoja kila upande. Herufi D, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Hizo ndizo herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuachana na silaha za nyuklia. Laza N juu ya D, zungushia duara, kazi imekwisha. Ukiufuta mstari wa chini, baharia wako amedondosha bendera moja na hakuna anayemwelewa.

Kwa hiyo atakayekwambia kwamba ni ukucha wa ndege, au msalaba uliovunjwa, au alama ya shetani (na watakuja, tena wengine ni watu wazima wenye heshima zao), mwonyeshe kwa mikono. Nyanyua, shusha, tandaza. Inatosha.

Lakini kilichonifanya nikuandikie barua badala ya kukusubiri mlangoni ni jambo jingine. Holtom alikuja kueleza kwamba alikuwa amekata tamaa kabisa alipoichora. Alijichora mwenyewe, mikono imetandazwa na kuelekea chini, viganja wazi, kama yule mkulima aliye mbele ya bunduki kwenye picha ya Goya, mchoraji wa Kihispania. Nikaitafuta hiyo picha. Yule mtu mwenye shati jeupe mikono yake iko juu! Imenyooshwa juu kabisa. Kumbukumbu ilimchezea Holtom, au tuseme huzuni ndiyo iliyoishusha ile mikono.

Baadaye mwenyewe aliijutia huzuni ile, akatamani alama igeuzwe, mikono itazame juu. Na ikigeuzwa haipotezi maana. D inabaki vilevile, na N inakuwa U, herufi inayosimamia nchi kuweka silaha chini yenyewe bila kungoja jirani aanze.

Sasa fikiria mkono wako. Mchora tatuu atakuuliza kichwa cha alama kielekee wapi, kwenye kiwiko au kwenye kiganja. Kikielekea kwenye kiwiko, ukisimama mkono umening'inia watu wataona alama ya 1958 jinsi ilivyotoka London. Ukiinua mkono, kuaga mtu au kusimamisha gari, inageuka, mikono ya yule mtu mdogo inapanda juu. Sijui kama uliliwaza hilo ulipoandika "chini ya kiwiko". Kama hukuliwaza, bahati imekupenda.

Ya ufundi nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa huyo mchoraji anayajua kuliko mimi. Usiifanye ndogo kama sarafu. Wino hukaa chini ya lile tabaka la ngozi linalobanduka, seli za ulinzi wa mwili zikiwa zimeumeza na kuukumbatia, lakini miaka inavyokwenda mistari hutanuka kidogo. Penye hatari ni zile pembe mbili nyembamba za chini, kati ya mstari wima na ile ya mshazari. Zikibanana mno zitajaa, ubaki na doa. Na mwambie abandike kielelezo, ule mchoro ambao sindano itaufuata, ukiwa umesimama, mkono umelegea, maana ngozi ya hapo hujisokota ukigeuza kiganja, na duara lililopimwa mkono ukiwa umelazwa mezani laweza kuwa yai ukisimama. Sindano afungue mpya mbele ya macho yako, na wino wako umiminwe kwenye kikombe chake. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi haviulizi umechora amani au nyoka. Hilo sitalijadili.

Ruhusa ya Holtom huhitaji, alama haikusajiliwa iwe mali ya mtu, ndiyo maana imefika kila mahali. Kuna jambo dogo nililipenda zaidi ya yote: beji za kwanza alizitengeneza Eric Austin, mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia, kwa udongo mweupe uliochomwa, alama ikiwa kwa rangi nyeusi. Waliogawiwa walipewa na kikaratasi kinachosema kwamba vita vya nyuklia vikitokea, beji hizo zitakuwa kati ya vitu vichache vya binadamu vitakavyosalia baada ya moto. Wewe umechagua ngozi.

Karatasi nimeirudisha kwenye daftari, ukurasa uleule. Ule mstari wa chini nimeuongeza kwa penseli, hafifu, ili uupitishie kalamu mwenyewe.

Mama yako