Juma, ijibu hiyo barua

Ndugu yangu Juma,

Salaam aleikum. Sisi huku Columbus wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kubana. Nilikuwa nashangaa kimya chako, hadi Kassim aliponipigia akasema umeletewa barua inayopendekeza uondolewe katika orodha ya wathamini wa nyumba wa FHA, ule wakala wa serikali kuu ya Marekani unaowekea bima mikopo ya nyumba, nawe umeitupa kwenye droo, eti liwalo na liwe. Juma! Kazi yote ile ya kutafuta leseni, halafu liwalo na liwe?

Nisikilize. Hiyo barua bado si hukumu. Kanuni inakupa siku 20 kujibu kwa maandishi na kuomba kikao ujieleze, na siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe iliyo juu ya barua, si siku uliyofungua bahasha. Zikipita umenyamaza, jina linatoka.

Kassim anasema tatizo ni rangi ya madirisha katika ile nyumba ya zamani uliyoithamini. Hapo kusema kweli wakaguzi wa ripoti siwalaumu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda rangi yake ina madini ya risasi, na mtoto akila vipande vinavyobanduka, ubongo unaathirika. Tena mnunuzi wa FHA mara nyingi ametanguliza asilimia 3.5 tu ya bei. Akihamia akakuta paa linavuja, fedha za fundi atazitoa wapi? Ndiyo maana mimi sinung'uniki kufungulia mabomba wala kupenyeza kichwa na mabega juu ya dari kwa tochi. Mtu anaweka maisha yake mle ndani.

Kinachoniuma ni kwamba mzigo wote unamwangukia mmoja. Dalali anataka thamani ifikie bei ya mauzo. Kampuni ya kati inayotugawia kazi inakata fungu lake kwenye malipo yetu, kisha inataka ripoti kesho. Likitokea kosa, saini ni ya mthamini, na anayefungiwa riziki ni mthamini. Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 inakataza kumshinikiza mthamini, lakini simu ya jioni ya "jitahidi kidogo, bwana" utaithibitisha vipi? Kwa mikopo ya maveterani, VA, yaani idara ya maveterani, angalau wana ule utaratibu wa Tidewater: ukiona thamani inaelekea kuwa chini ya bei, unatoa taarifa kwa upande wa mkopeshaji kabla ripoti haijatoka, nao wanapewa siku 2 za kazi kuleta mauzo mengine ya kulinganisha. Yote kwa maandishi. Natamani FHA nao wangetuwekea kitu cha namna hiyo, tungepumua.

Lakini hayo tutayabishana siku nyingine. Sasa ni jibu. Toa faili la kazi, tunatakiwa kulitunza miaka 5 kwa hiyo lazima unalo, uangalie picha za madirisha moja moja. Kama rangi ilikuwa inabanduka na hukuiandika, sema hivyo, ueleze umebadilisha nini katika ukaguzi wako. Ripoti ya zamani usiiguse hata herufi moja. Kosa la ukaguzi wanaweza kukupeleka darasani. Kudanganya katika mkopo wenye bima ya serikali kuu ni jinai.

Na wakili, kama unaweza kumlipa... hata kwa kusoma jibu tu. Ukikwama kwa fedha niambie, usione haya.

Barua ina tarehe gani? Wametaja nyumba hiyo moja au na nyingine? Picha zipo? Ile siku ya ukaguzi fremu za dirisha zilikuwa zimefunikwa, au uliona vizuri? Halima anajua, au umemficha na yeye? Na harusi ya binti wa Mama Nuru utakuja, au nayo umeitia kwenye droo?

Nitumie picha ya hiyo barua leo, kurasa zote. Jibu tutaliandika pamoja kwa simu, hata usiku wa manane.

Ndugu yako,
Athumani