Shangazi, wifi kasema nyumba yangu kila kitu viza

Shangazi shikamoo. Sa hivi ni saa tisa usiku hapa Tabora, nimetoka kugeuza mayai na usingizi wenyewe haupo. Naomba unisaidie kwanza hili la mashine ya kuangulia vifaranga maana ndio lililoleta yote, hilo lingine ntalisema nikiweza.

Mi sio mgeni wa kuku. Kabla ya mashine nilikuwa naatamisha kienyeji, tetea mmoja mayai 12 anaangua 10, 11. Mashine nimenunua kwa hela yangu ya kikoba, hakuna aliyechangia hata mia, ila kwenye kusema wote wapo. Mama mkwe akanitumia mayai 42 kutoka Sikonge, yakaja na basi kwenye ndoo ya pumba, nikayapumzisha siku nzima ncha ikiangalia chini, sikuyaosha, nikayachora kwa penseli upande mmoja X mwingine O, nageuza mara tatu mpaka tano kwa siku. Joto 37.7 halijacheza, unyevu 50 na kitu. Siku ya 7 nikayapiga tochi gizani, 6 hayana hata mshipa mmoja, nikayatoa. Hayo usinihesabie, hayakuwa na mbegu, na sisi watu wa kuku yai likikosa mbegu tunamuuliza jogoo kwanza. Hilo naomba ulikumbuke.

Siku ya 18 nikaacha kugeuza nikajaza maji. Siku ya 19 umeme ukakatika saa mbili usiku mpaka saa sita, nikafunika mashine na blanketi nikaacha tundu la hewa, nikapanga chupa za maji ya moto pembeni. Siku ya 20 nasikia wanalia mle ndani ya mayai, Shangazi, nilikaa chini nikalia na mimi.

Wakatoka 5. Kati ya 36.

Siku ya 23 nikapasua mawili uani nijue nini kimewaua. Kifaranga kamili, manyoya, kucha, mdomo umeshatoboa ganda, ila ule utando wa ndani umemkaukia umembana kama nailoni, hakuweza hata kujizungusha. Nikafukia yote nyuma ya choo kabla mtu hajaona.

Jioni wifi yangu (yupo kwetu tangu mwezi wa tatu, alisema anakuja wiki mbili) tumekaa tunakula, akasema taratibu tu huku anajichokonoa meno, "humu ndani kila kitu viza." Yani hivyo tu. Na mume wangu yupo pale pale, ameshika tonge. Nikasubiri aseme neno. Akaniambia nisogezee chumvi.

Ndoa yetu ina miaka sita, ujue mwenyewe anamaanisha nini.

Watasema nafungua fungua mashine. Ni kweli nilifungua siku ile ya 20 lakini mara mbili tu, na aliyetaka kuona ni yeye huyo huyo wifi, wifi nionyeshe, wifi nionyeshe, nikafunua. Sawa, mara nne, na moja nilikuwa narekodi nikaweka status, kifaranga wa kwanza ametoa mdomo. Najua unyevu ulitoka hapo, siku zile za mwisho unatakiwa kama 65 hadi 70 na mfuniko usiguswe, nimesoma baadae. Kwahiyo kosa langu lipo. Lakini mimi nimeua vifaranga kwa kufurahi, ndio niitwe viza? Na chumvi ilikuwa mbele yake Shangazi, angenyoosha mkono tu.

Hospitali walisema tupime wote wawili. Mimi nilienda, majibu yangu mazuri, karatasi ninayo kabatini chini ya vitenge. Yeye kila mwezi anasema mwezi ujao. Wifi hajui, mama mkwe hajui, wanajua mimi tu ndio mwenye tatizo, na nimemfichia miaka yote hiyo kwasababu ni mume wangu na nampenda, ananiletea asali bila kumwomba, sio mtu mbaya. Lakini alijua, alijua ukweli, akanyamaza.

Nilisema mashine nauza. Nimeshamwambia jirani aje aione. Halafu wiki iyo iyo nikanunua mayai mengine 40 nikayaweka, leo siku ya 16, 37 yana uhai nimeyapiga tochi mwenyewe, mengine unaona kabisa yanacheza. Wifi simtaki tena nyumbani kwangu, ila naomba asiondoke kabla ya siku ya 21.

Sasa swali langu Shangazi. Nikifikisha siku ya 18 nikajaza maji, je naweza kuweka na kitambaa kibichi humo ndani kuongeza unyevu au kitawasumbua? Na waliotoka nawaacha humo humo mpaka wakauke, naambiwa wanaweza kukaa siku nzima hata zaidi bila kula kwasababu bado wana kiini tumboni, ni sawa? Na ile karatasi, niitoe mezani siku wifi akirudia lile neno, au nimwonyeshe kwanza mume wangu mwenyewe tukiwa wawili?

Usiandike mtaa, sema Tabora inatosha. Yeye huwa anakusoma.