Kabla ya kumruhusu, muulizeni analala wapi leo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu haya mambo ya mama kutolewa titi asubuhi kwa sababu ya kansa, na jioni anaambiwa nenda nyumbani. Hapa Arua watu wanasema ni kufukuza wagonjwa ili kitanda kipatikane. Mimi sisemi hivyo, Marekani na Uingereza wanafanya sana, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, hana presha wala sukari inayomsumbua, hali haipishani sana na ya aliyelala wodini. Wodi nayo ina infekshen zake, na pesa zinaenda kila siku.

Lakini kule mgonjwa anafundishwa kabla ya operesheni, na ana namba ya kupiga hata usiku. Wifi yangu alifanyiwa Kampala, hospitali siitaji, akatoka jioni na mrija unaning'inia ubavuni na kile kichupa cha kukusanya damu, maelezo yenyewe haraka haraka mlangoni, Kiingereza kidogo Kiluganda kidogo, na yeye anajua Kilugbara na Kiswahili tu. Akapanda basi la usiku. Sasa damu ikianza kuvujia ndani kifua kikavimba ghafla mko njiani pale Karuma saa nane za usiku, utamwambia nani, kondakta? Na hiyo mara nyingi inatokea ndani ya saa 24 za kwanza, yaani ndio hizo alizokaa kwenye siti.

Kichupa kikajaa, hakuna aliyejua kinamwagwa, kinapimwa, kinaandikwa, halafu unakiminya hewa itoke ndio ukifunge kivute tena. Jirani ambaye ni musawo, yaani mhudumu wa afya, ndiye alituonyesha. Kawaida mrija hutolewa maji yakishuka chini ya kama mililita 30 kwa siku, sasa kama hamuandiki mtajuaje?

Ninachoomba, daktari kabla hajasaini amuulize mama analala wapi leo na nani yuko naye. Wa Ntinda, hapo hapo Kampala, aende, shida ikitokea boda itamrudisha hospitali. Wa Arua, Moroto au Kisoro alale wodini, au aambiwe mapema, siku ya kupangiwa operesheni, atafute ndugu wa kumkaribisha Kampala siku mbili tatu. Na wampe karatasi moja ya Kiswahili yenye picha ya kichupa, hiyo nayo haisubiri bajeti ya bunge.

Msomaji wenu,
Arua