Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, soma hii kwanza

Kaka salaam sana,

Meseji yako niliipata juzi usiku nikiwa wodini, nikaisoma haraka nikairudisha simu mfukoni, asubuhi nikaisoma tena, na kiukweli sikutaka kukujibu kwa mistari miwili maana hili jambo ni zito na mimi mwenyewe nimelipitia. Unasema una miaka 38, watoto wawili, kazi inakulisha lakini moyo umeshatoka, unataka kusomea unesi. Na unauliza kama umechelewa.

Hujachelewa. Ila ndugu yangu mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikiwaza umri na kilichokuja kunibana hakikuwa umri hata kidogo. Kilichonibana ni nani atakaa na watoto saa 11 na nusu alfajiri siku ambayo natakiwa niwe wodini saa 1 kamili nimeshavaa yunifomu, mama watoto naye ana kazi yake, na yule mdogo kaamka ana homa. Ukipata jibu la hilo mengine yote yanasomeka.

Unajua nilikotoka. Miaka 11 kwenye stoo, nahesabu maboksi yanayoingia na yanayotoka. Mzee alipopata kiharusi ndo nikaanza kulala hospitali siku nyingi, na kulikuwa na nesi mmoja wa usiku anakuja kila baada ya masaa 2 kumgeuza, kushoto, chali, kulia, hata kama mzee amelala fofofo. Siku moja nikamuuliza mbona hamumuachi apumzike? Akanionyesha kisigino, nyonga na pale chini ya mgongo juu ya makalio, akaniambia hapa mfupa uko karibu na ngozi, mtu akilalia sehemu moja muda mrefu damu haipiti, ngozi inakufa kutokea ndani na ukija kuona kidonda juu ujue chini kimeshachimba. Nikamwambia nifundishe. Usiku ule nikamgeuza baba yangu mwenyewe, mto katikati ya magoti, visigino vikiwa hewani, na nilivorudi stoo asubuhi sikuweza tena kuhesabu yale maboksi kama zamani. Sijui kama nakuelezea vizuri lakini wewe umenijua siku nyingi utanielewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujaandika barua yoyote ya kuacha kazi, tafuta namna ya kuiona hii kazi kwa karibu. Omba kujitolea siku za wikiendi, au msaidie mtu mnayemuuguza kwenye ukoo, yaani umuogeshe, umsafishe akijisaidia kitandani, umlishe taratibu akiwa amekaa wima asipaliwe. Watu wengi wanaopenda unesi wanapenda sindano na dripu, alafu wanakutana na bedpani, lile beseni la haja la kitandani, wiki ya kwanza. Wewe umelea watoto wawili, umefuta matapishi saa 8 usiku, umekaa na mtoto anayelia hujui analilia nini, hayo yote yatakusaidia kuliko unavyodhani, na ntakuambia kitu, darasani kwetu wazazi ndo waliokuwa hawatetereki mgonjwa akitapika. Lakini mgonjwa sio mwanao. Anaweza kukutukana, anaweza kukukataa, na bado saa ikifika unarudi kumgeuza.

Sasa masomo. Anatomia na fiziolojia, yaani viungo vya mwili na jinsi vinavyofanya kazi, ni kukariri kwanza kuelewa baadae, inaumiza kichwa miezi ya mwanzo. Nilikuwa nasoma saa 10 alfajiri mpaka 11 na nusu kabla nyumba haijaamka, kwasababu jioni sikuwa na akili yoyote iliyobaki, nilijaribu jioni nikawa nasoma ukurasa mmoja mara tano. Kilichoniokoa kwenye hesabu za dawa ni binti yangu. Yeye anafanya kuzidisha na kugawanya, mimi niko naye meza hiyo hiyo na dripu zangu: mililita 1000 ziishe kwa masaa 8, seti, yaani ule mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, inakuja kama matone 42 kwa dakika. Akawa ananisahihishia. Alafu akaanza kuniuliza ikienda haraka sana inakuwaje, nikamwambia maji yakizidi kwa mtu mwenye moyo dhaifu yanaweza kujaa kwenye mapafu, akanyamaza kidogo akasema basi baba rudia hesabu. Nilirudia. Mpaka leo kila hesabu ya dawa naifanya mara mbili na ikiwa dawa kali namuita mwenzangu afanye ya kwake peke yake tuje tulinganishe.

Hilo la umri nimalizie hapa hapa maana najua bado linakusumbua. Ukifika somo la watoto wachanga utakutana na Virginia Apgar, daktari wa Marekani aliyeleta ule upimaji wa mtoto anapozaliwa mwaka 1952, mapigo ya moyo, kupumua, rangi, mikono na miguu inavyojikunja, na anavyoitika ukimshtua, kila kimoja 0 mpaka 2, dakika ya kwanza na dakika ya tano, jumla 10. Huyu mama alianza na upasuaji, akahamia kwenye dawa za usingizi, na mwaka 1959 akiwa anatimiza miaka 50 akamaliza digrii nyingine ya afya ya jamii pale Johns Hopkins na kuanza kazi mpya kabisa ya kushughulikia watoto wanaozaliwa na kasoro. Hakuwa na watoto wa kulea kwa hiyo sikuletei kama mfano wa mzazi, nakuletea kwa ajili ya hiyo 50 tu.

Turudi kwenye ratiba maana hapa ndo pana mambo. Darasani unaweza kuomba noti kwa mwenzako, wodini hakuna kuomba noti. Masaa ya mafunzo ya vitendo yanahesabiwa, yanasainiwa, na yakipungua unarudia, maana bila hayo husajiliwi. Muhula wangu wa tatu mdogo alipata nimonia, nikakosa siku nne, hakuna aliyenionea, utaratibu ndo ulivyo, nikazifidia likizo wakati wenzangu wamepumzika. Na kule kazini kwangu bosi alikuwa amenikubalia nifanye nusu siku, wiki ya kwanza ya mafunzo ya vitendo akabadilisha mawazo. Nilikuwa nimemuamini kwa mdomo. Wewe usikubali makubaliano ya mdomo kaka, pata maandishi yenye tarehe, na kama hawataki kuandika basi hesabu kwamba hiyo kazi haipo.

Mimi na mama watoto tulikaa mezani na karatasi tukachora wiki nzima saa kwa saa, nani anaamsha, nani anapeleka, nani anachukua, nani anapika, nani anabaki mtoto akiumwa. Na kwenye kila kisanduku tukaandika mtu wa pili, yaani wa kwanza akishindwa nani anaingia. Kuna visanduku vinne vilibaki wazi. Hivyo vinne ndo vilituchelewesha muhula mmoja mpaka dada yangu alipokubali kuhamia kwetu kwa muda, na naona tulifanya vizuri kusubiri. Tafadhali kaa na shemeji mfanye hivyo, na usimwambie kama taarifa, muulize, maana miaka yote ya masomo atakuwa amebeba nyumba kuliko wewe na ana haki ya kusema hapana au kusema sio mwaka huu. Mahesabu ya pesa pia, usihesabu ada peke yake, hesabu miezi ambayo mshahara wako utakuwa nusu au haupo kabisa.

Kitu kimoja ambacho watu hawaambiwi mapema: chanjo ya homa ya ini B. Mara nyingi ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukingoja mpaka umepangiwa wodi umechelewa, anza hata kabla hujapata nafasi ya chuo. Na ukija kujichoma na sindano iliyotumika, usione aibu ukanyamaza kama alivofanya mwenzetu mmoja. Osha kwa maji na sabuni usikamue, toa taarifa palepale, dawa za kuzuia ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya masaa 72 na kila saa unayochelewa inapunguza nafasi yako. Una watoto, usicheze na hilo.

Na mikono kaka. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Semmelweis aliona akina mama wanaojifungua kwenye wodi ya madaktari wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga, akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, akawalazimisha kuosha mikono kwa maji ya klorini, na vifo kwenye wodi ile vikashuka kutoka kama asilimia 18 mwezi wa Aprili mpaka karibu asilimia 2 katikati ya mwaka. Wenzake wengi hawakumkubali. Nikisoma hiyo habari nilikasirika kweli, mpaka nilipoanza kazi nikaona mtu aliyechoka saa 9 usiku anavyotaka kuruka kutoka kitanda hadi kitanda. Shirika la Afya Duniani linasema sekunde 40 mpaka 60 kwa sabuni na maji, 20 mpaka 30 kwa spirit ya mikono, ni muda mfupi mno. Nyumbani nina utaratibu wangu, viatu vya kazi haviingii ndani, nguo kwenye ndoo yake, naoga, ndo wananikumbatia. Mdogo ameshazoea, anasimama mlangoni ananyoosha mikono anasubiri.

Zamu za usiku zitakutesa. Mwili unapoa na kulegea zaidi kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, na hapo ndo makosa yanapotokea kirahisi, kwa hiyo mimi muda huo nasimama, napima presha na mapigo, nahesabu pumzi za mgonjwa dakika nzima kwa saa ya mkononi. Mtu mzima anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, na akianza kufika 26, 28 huku mashine nyingine zote zinaonyesha yuko sawa, mimi namuita daktari. Nimeshaona mara mbili pumzi zinatangulia kusema kabla ya presha kushuka. Ukitoka usiku lala, usijifanye shujaa ukaanza kufua. Tulikubaliana hapa nyumbani nikitoka usiku mpaka saa 8 mchana mimi sipo, hata kama nipo.

Kuna siku utapoteza mgonjwa. Wa kwanza wangu alikuwa mama wa makamo, tulimuosha na sista mmoja mkubwa, akawa anaongea naye wakati anamuosha, mama nakugeuza upande huu, mama maji ni ya uvuguvugu, kama vile anasikia. Nilitoka pale saa 1 na nusu, nikafika nyumbani mwanangu hapati soksi moja ya shule na amekasirika kweli kweli. Nikatafuta soksi. Sikuweza kusema chochote. Jioni ndo nikamwambia mama watoto. Wewe tafuta mtu wa kumwambia mapema, asiwe mtoto.

Alafu usijifunge na unesi peke yake. Unapenda utulivu na uko makini na vitu vidogo vidogo, fikiria maabara, famasi, hata X-ray. Kama shemeji anaona usiku haiwezekani mpaka mdogo akue, kliniki za mama na mtoto na chanjo nyingi zinafanya mchana. Au anza na kozi fupi ya msaidizi wa afya, ufanye kazi, uone, alafu upande ngazi. Wapo wenzangu wa darasa waliopita huko na walikuwa hawahangaiki wodini, mikono yao ilishajua. Ukiona chuo kinakuahidi mambo mengi kwa muda mfupi ulizia kwanza kama kimesajiliwa na kama wanaomaliza hapo wanaruhusiwa kukaa mtihani wa leseni, waulize wahitimu wenyewe.

Binti yangu mwezi uliopita aliniomba nimfundishe kuhesabu mapigo, akaweka vidole viwili kwenye mkono wangu akahesabu 64, akajipima mwenyewe akapata 88 akaogopa, nikamwelezea moyo wa mtoto unakimbia zaidi. Siku hizi anapima kila mgeni. Wakati nasoma nilikuwa naogopa kwamba nawaibia watoto wangu baba, na kuna siku niliwaibia kweli, kuna shughuli mbili za shule yao sikuwepo na hazitajirudia. Sikufichi hilo.

Naingia saa 1 jioni leo na kesho, alafu nina siku mbili. Chora ile karatasi na shemeji, niletee picha hata kama ina mapengo, hasa kama ina mapengo. Jumapili nipigie baada ya saa 8 mchana nitakuwa nimeamka, tuipitie kisanduku kwa kisanduku. Nina vitabu vyangu vya anatomia na famakolojia, lile somo la dawa, vimechorwa chorwa na mdogo lakini vinasomeka, nakuwekea.

Wasalimie watoto na shemeji sana.

Ndugu yako.